Mwaka Tuliochagua Bunduki

Mama Njoki alipofariki, hakuna mtu katika chama chetu aliyeuliza habari za nyumba wala gari. Tuliuliza bunduki iko wapi. Tulikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa pale Handsworth, tumetoka makaburini na matope kwenye viatu, tunakula pilau na kuku kwenye sahani za karatasi, na wazee wawili wa kanisa waliokaa meza ya jirani wakaacha kutafuna. Njoki, bintiye, ambaye sasa ni mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, akajibu kwamba iko kwake, imefungiwa kabatini, na kwamba mama yake alimwagiza asimpe mtu yeyote ila mimi. Kiswahili Njoki anakielewa chote, hata cha kusengenyana, lakini amezaliwa Birmingham na tangu utoto wake hujibu kwa Kiingereza. Akaniinamia akaniuliza, "Auntie Mwende, why did a bunch of nurses buy a gun?" Nikacheka katikati ya msiba, kicheko kile kinachotoka na machozi. Nikamwambia hilo swali, la kwa nini kundi la wauguzi linunue bunduki, halijibiwi kwa soda, linataka chai. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kidogo kidogo, kila tukikutana, na nimeona afadhali niliandike jibu lote mahali pamoja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikaa chumba cha mbele ghorofani katika nyumba ya Mama Njoki, chumba chembamba ambamo kitanda kiligusa kuta mbili na kabati halikufunguka mpaka ufunge mlango kwanza. Dirisha likiwa wazi ulisikia mabasi ya Soho Road, na jioni kila jirani alikaanga vitunguu kwa viungo vya kwao. Maisha yetu yalikuwa jikoni. Palikuwa na meza ya fomika iliyobabuka pembeni, sufuria ya chai ambayo haikupoa, githeri ya mahindi na maharagwe kila Jumapili, na sare zetu za kazi zikikauka juu ya viti hivi kwamba mgeni akija ilibidi kwanza tuvue viti nguo. Mama Njoki alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye hatua za haraka na sauti ya chini ambayo ilikufanya usogee ili umsikie, na ukishasogea alikuwa amekupata. Mimi nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, upande wa pili wa jiji. Nilikuwa nimekaza kila kitu mwaka ule: taya, ngumi, mkoba kwapani. Niliamini kwamba nikilegeza kitu kimoja tu, vyote vitaanguka. Siku hizi nikiwaona wasichana wapya wanaofika kutoka nyumbani, wamesimama kituo cha basi na makoti ya kuazima, nawatambua kwa taya zao.

Chama chetu kilikuwa cha akina mama wanaouguza na kuhudumia wagonjwa, na kilikuwa kimekodi kipande cha shamba nje ya jiji, ukipita Longbridge, ambako wakati huo kiwanda cha magari bado kilikuwa kikifanya kazi na wanaume walitoka getini na vikoba vya chakula. Mwenye shamba alikuwa Mwingereza aliyeitwa Colin, mtu wa maneno machache, buti zake zikiwa zimefungwa kwa kamba ya kufungia nyasi. Tulipanda mboga za kwetu: sukuma wiki, managu, terere na kunde. Mwaka wa kwanza sungura walikula kila kitu mpaka kwenye udongo. Walitoka kwenye kichaka cha mpakani jioni, bila haraka, kama watu wanaokwenda kwenye karamu waliyoalikwa. Tuliweka wavu, wakachimba chini yake. Tulinyunyiza pilipili, mvua ikaiosha. Mtu mmoja akasema harufu ya binadamu inawafukuza, basi tukaomba nywele kutoka saluni ya Lozells tukazitundika kwenye vijiti shamba zima, na shamba likaonekana la mchawi, na sungura wakala chini ya nywele.

Ndipo Colin alipotuambia kwamba jirani yake mwenye farasi anakitaka kile kipande. Hakusema kwa ubaya. Alisema hawezi kuona ardhi ikikaa tupu mwaka wa pili, kwa hiyo majira ya joto yakianza atakuja kutazama: akikuta mboga zimesimama, tutaendelea, akikuta udongo mtupu, farasi wataingia. Na sungura, akasema, hapa hupigwa bunduki, hakuna njia nyingine. Akatuletea kijana aliyekuwa na bunduki ya kwake. Nilikuwepo. Kijana alipiga, sungura akajeruhiwa mgongoni, akapiga ukelele. Kama hujawahi kusikia sungura akilia, usitamani. Ni sauti ya mtoto mchanga. Mama Njoki aliweka jembe chini, akaenda akasimama nyuma ya ghala akiwa ametupa kisogo, na aliporudi alimwambia yule kijana asante, aende zake. Kwenye basi la kurudi alisema, "Hiyo sauti naisikia wodini. Siwezi kuisikia shambani pia. Kama ni kupigwa watapigwa, lakini na sisi wenyewe, na asilie hata mmoja."

Kilichofuata ni mkutano wa chama, sebuleni, chapati na maharagwe magotini. Ajenda ilikuwa nani apige. Hakuna aliyekuwa amewahi kushika bunduki. Wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi.

"Mwende ni Mkamba," mmoja akasema.

"Kwani Mkamba ni bunduki?" nikauliza.

"Nyinyi ni watu wa mishale. Hiyo kitu iko kwa damu."

Nikawaambia kwamba nimekulia mjini Machakos, nyuma ya duka la vitabu, na kwamba kitu pekee nilichowahi kulenga maishani ni mpira wa pete, na nilikuwa nikikosa. Haikusaidia. Walipiga kura kwa mikono na hata mtoto Njoki, aliyekuwa akitazama katuni sakafuni, akainua wake. Walidhani wanatania, na mimi nilidhani wanatania, mpaka Mama Njoki aliposema kwa ile sauti yake ya chini, "Basi ni Mwende. Tutafute bunduki."

Ningeweza kukataa, na nilikusudia kukataa. Jumamosi iliyofuata asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikifunga viatu, na Mama Njoki alikuwa jikoni akizungumza kwa simu na dada yake wa Nyeri, mlango ukiwa wazi kidogo. Nilisikia akisema kwamba shamba lile ndilo linalomwamsha asubuhi. "Likienda, mimi narudi nyumbani," akasema. "Sikuja huku kuzeekea wodini. Njoki atazoea, bado mdogo." Akamsikiliza dada yake, halafu akasema, "Mwende atapata pa kukaa. Ni msichana mwerevu." Nilibaki na kamba za kiatu mkononi. Mimi sikuhitaji pa kukaa, vyumba vya kupanga vilikuwa tele Birmingham nzima. Nilimhitaji yeye, aliyenipokea na begi langu moja bila kuniuliza nitakaa mpaka lini, na aliyeniachia chakula kimefunikwa kila niliporudi kazini. Niliinuka pale kwenye ngazi nikiwa nimeamua. Nilienda kazini nikiwa nimekaza taya kuliko siku zote, na njia nzima niliwaza bunduki.

Kwa bahati, nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bwana Gurdev. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa Nakuru, fundi katika kiwanda cha Longbridge, na kila wiki alikwenda klabu kupiga shabaha za karatasi kwa bunduki ya upepo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha gereji za Nakuru, nacho kilituletea raha kubwa, kwa sababu alikizungumza kwa kujiamini kabisa. Alitueleza kwamba bunduki ya upepo ya nguvu ndogo haihitaji leseni kwa mtu mzima, mradi mwenye ardhi amekubali, na kwamba kwa sungura wa karibu inatosha, ila iwe inapiga mahali pamoja. "Bunduki napiga hapa leo, kesho napiga pale, hiyo si bunduki, hiyo ni kelele," alisema. Kisha akamwonyesha Mama Njoki kifuniko cha soda. Kichwa cha sungura, mahali ambapo akipigwa anaondoka bila kujua, hakizidi kile kifuniko. Mama Njoki akakichukua kifuniko, akakitia mfukoni mwa aproni. Akanitazama akasema, "Mpaka risasi zako zote ziingie hapa ndani, huelekezi bunduki kwa kiumbe chochote." Hilo ndilo lililokuwa sharti, na hakulibadilisha.

Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye ghala la nyasi la Colin. Bwana Gurdev alikuja na bunduki tatu garini, moja ya kwake na mbili za kuazima za watu wa klabu waliotaka kuziuza, na akina mama walikuja na nguo zao za kanisani, vilemba na viatu vya visigino ndani ya nyasi. Tulikuwa na meza, mfuko wa mchele wa kulalia bunduki, na sahani za karatasi zilizochorwa duara la kifuniko, zikiwa zimebandikwa kwenye marobota ya nyasi kule mwisho wa ghala. Ile ya kwake ilikuwa ya kujazwa hewa kutoka kwenye mtungi, kitu kizuri mno, tulivu, haina mshtuko. Risasi zake ziliingia kwenye tundu moja hata mimi nikipiga. Akina mama waliipenda papo hapo, na papo hapo wakaambiwa bei ya nyingine kama hiyo, pamoja na mtungi, wakairudisha mezani taratibu kama mtu anavyorudisha kiatu dukani. Ya pili ilikuwa mpya, nyepesi, nyeusi inayong'aa, na darubini juu yake, na bei yake tuliiweza. Hiyo ndiyo ambayo chama kiliitaka. Mmoja hata alipiga picha nayo. Lakini kifyatulio chake kilikuwa kizito, ukikivuta bunduki nzima inageuka nacho, na darubini ilikuwa ya mapambo tu: baada ya kupiga kidogo, mtikisiko wa springi uliisogeza, na unapolenga katikati risasi inakwenda pembeni, inayofuata pembeni zaidi. Ya tatu ilikuwa kuukuu, ya springi, ya kukunja mtutu, imetengenezwa humu humu Birmingham kabla sijazaliwa. Mbao zake zilikuwa na mikwaruzo, na mtu alikuwa amechonga herufi zake kwenye kitako. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Ilikuwa pia mbovu kuliko zote. Niliilaza juu ya mfuko wa mchele, nikaibana kwa mikono miwili, nikakaza bega, nikapiga, na matundu yakatapakaa kwenye sahani mpaka kwenye ukingo.

"Kamata nguvu, beti," Bwana Gurdev alisema. Beti ni binti, kwa lugha ya kwao. "Hii kama ng'ombe ya wizi. Wewe legeza, yeye nakimbia."

Nikakaza zaidi. Ikatapakaa zaidi. Tukabadilisha risasi, kwa maana alitwambia kila mtutu una risasi unayoipenda. Akina mama walichagua zile zenye ncha kali kwa sababu zilionekana za hatari, nazo zikaenda vibaya kuliko za kichwa cha mviringo. Nilipiga Jumapili ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Mkono wa kushoto uliniuma mpaka nikawa navaa glavu kazini nikificha malengelenge. Akina mama wakapunguza kuja. Nikasikia, nikiwa nyuma ya marobota, mmoja akimwambia mwenzake kwamba afadhali tununue ile nyeusi, angalau inapendeza, na mwenzake akajibu kwamba labda huyu Mkamba si wa damu kamili. Mama Njoki alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya machungwa na kunipa kipande baada ya kila duru, na akitazama kile kichaka cha mpakani. Masika ya Uingereza yalikuwa yameshaanza. Miche yetu ilikuwa kwenye trei, madirishani mwa kila nyumba ya chama, ikingoja.

Nikipima sasa, naona kwamba sote tulikuwa tunafanya kosa moja. Tulikuwa watu wa jembe. Kitu kikitushinda mikononi, tulikuwa na dawa moja tu, kukibana. Bwana Gurdev naye alikuwa amezoea ile bunduki yake ya mtungi ambayo haijali unaishika vipi, kwa hiyo ushauri wake ulikuwa wa bunduki yake, si wa yangu. Na mimi niliutii ushauri ule kwa moyo wote kwa sababu ulifanana na nilivyokuwa.

Jibu lilinijia kazini. Palikuwa na bibi mmoja mkazi wa pale, mwembamba sana, ambaye zamani alikuwa akishona viti vya magari. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyepesi kiasi kwamba ukimshika tu mkono unaacha alama. Siku yetu ya kwanza kazini tulifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: mzee hakamatwi. Hushiki mkono wake kwa vidole, huvuti, hubani. Unafungua kiganja, unakiweka chini ya mkono wake, naye analaza uzito wake hapo, kisha mnainuka pamoja kwa mwendo wake yeye. Nilikuwa nimelifanya jambo hilo kila siku, mara nyingi kwa siku, bila kulifikiria. Asubuhi ile nilikuwa nimemwinua bibi kutoka kwenye kiti, kiganja wazi chini ya mkono wake, naye akatetemeka kidogo kama kawaida yake kabla ya kutulia, na nikahisi ule mtetemo ukipita juu ya kiganja changu na kuisha. Nikasimama pale pale. Bibi akaniuliza kama tunakwenda kunywa chai au tunapiga picha. Nikamwomba radhi, tukaenda kunywa chai, lakini mawazo yangu yote yalikuwa ghalani.

Jumapili ile tulikuwa watatu tu, mimi, Mama Njoki na Bwana Gurdev, kwa sababu mvua ilinyesha na wengine waliona hakuna haja. Niliweka kiganja changu cha kushoto wazi juu ya mfuko wa mchele, nikailaza bunduki kuukuu juu ya kiganja, vidole vikiwa vimelala. Bega nililegeza. Mkono wa kulia uliigusa tu.

"Itaanguka," Bwana Gurdev alisema.

Nikavuta kifyatulio polepole. Bunduki iliruka, kama inavyoruka siku zote, springi ikipiga mbele na nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni, lakini safari hii niliiacha iruke inavyotaka. Nikakunja mtutu, nikatia risasi nyingine, nikafanya vile vile. Halafu nyingine. Mama Njoki aliinuka kutoka kwenye ndoo akaenda mpaka kule mwisho. Alisimama mbele ya sahani muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwetu, kisha akatoa kifuniko cha soda kwenye mfuko wa koti akakiweka juu ya karatasi. Kilifunika matundu yote. Ungeweza kudhani nimepiga mara moja tu na panya akaja kulitanua tundu.

"Bahati," Bwana Gurdev alisema.

"Rudia," Mama Njoki akasema.

Nilirudia mpaka kopo la risasi likaisha. Sahani baada ya sahani, Mama Njoki aliondoa, akapima, akaweka nyingine. Nilipomaliza, Bwana Gurdev alichukua ile bunduki, akaigeuzageuza, akapiga mwenyewe na kiganja wazi, akatazama matokeo. Kisha akafuta miwani yake akasema, "Mimi nasema tangu mwanzo, beti, hapana kamata nguvu." Mama Njoki akanitazama, nami nikamtazama, na ilibidi ainame kuokota maganda ya machungwa ili asicheke mbele ya mtu mzima. Basi tukainunua ile kuukuu. Kwenye mkutano akina mama walinung'unika kwamba haina hata darubini ya maana, na Bwana Gurdev akaleta moja ya zamani kutoka droo yake, imara kama chuma cha reli, akaifunga mwenyewe.

Karatasi ni karatasi. Jioni ya kwanza shambani nililala kifudifudi kando ya kitalu, mfuko wa mchele mbele yangu, Mama Njoki akiwa amechuchumaa nyuma, na sungura wakatoka kichakani. Moyo wangu ulipiga mpaka nikaona darubini ikiruka nao. Wa kwanza alikuwa mbali, nikamwacha. Wa pili alikuwa akisogeasogea, nikamwacha. Nyuma yangu nilisikia Mama Njoki akipumua. Hakuniharakisha. Giza lilianza kuingia na nilijua kwamba Colin angekuja baada ya wiki chache, na kwamba kila jioni niliyoahirisha ilikuwa jioni ya farasi. Bado nikaahirisha. Tulirudi nyumbani mikono mitupu jioni ile, na ya pili yake. Kwenye basi nilimwambia naogopa atalia. Akaniambia, "Na mimi naogopa. Ndio maana nimekuchagua wewe. Ile kura ya Mkamba ilikuwa yao, mimi sikuinua mkono kwa ajili ya mishale. Nilikuona unavyomfunga Njoki viatu."

Jioni ya tatu mmoja alikuja karibu, mkubwa, akaketi akajisafisha sikio. Nikafungua kiganja. Nikangoja mpaka pumzi itulie, nikavuta. Sungura alilala pale pale alipokuwa ameketi. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya springi. Mama Njoki alikwenda mbele yangu, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kazini, akaweka mkono ubavuni mwa yule sungura akaungoja, vile anavyongoja mapigo ya mtoto. Kisha akasema, "Hakujua kitu." Akafuta macho kwa mkono wa sweta akasema, "Haya. Kesho tulete miche."

Tulimla na ugali na sukuma wiki ya dukani, iliyochoka, na mama mmoja ambaye hakuwahi kugusa nyama ya sungura aliomba kuongezwa. Kila jioni niliyokuwa huru nilikuwa shambani. Sikuwamaliza, na sikutaka kuwamaliza. Nilitaka tu wajifunze kula upande wao wa kichaka. Colin alipokuja majira ya joto alitembea kati ya mistari ya sukuma iliyomfikia magotini, akainama akachuma jani la managu, akatafuna, akakunja uso kwa uchungu wake. Akasema jirani atatafuta pengine pa kuweka farasi. Mama Njoki alimshukuru kwa adabu. Colin alipoondoka, Mama Njoki alikaa chini katikati ya mboga, akavua viatu, akachomeka miguu kwenye udongo. Sikumsikia tena akisema habari za kurudi nyumbani. Aliishi Birmingham mpaka mwisho, na mimi niliishi karibu naye, mtaa wa pili, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na mtu wa kuniachia chakula kimefunikwa.

Miezi yake ya mwisho alilala sebuleni, kwenye kitanda cha hospitali mahali palipokuwa pa kochi. Siku moja alikuja mhudumu mpya, msichana mwenye bidii, akamkamata mkono kumwinua. Mama Njoki alifumba macho kwa maumivu, kisha akamwambia Njoki kwa sauti ile ile ya chini, "Mpigie Mwende. Mwambie aje amfundishe huyu kushika bunduki." Nilikuja. Nikamfundisha yule msichana, na nikamfundisha Njoki pia, na kuanzia siku hiyo Njoki ndiye aliyemwinua mama yake.

Jumapili iliyopita tulikwenda shambani, mimi na Njoki, na bunduki ndani ya mfuko wake mrefu. Tulipita Longbridge, ambako palipokuwa na kiwanda sasa kuna maduka na nyumba mpya, na hakuna anayetoka getini na kikoba. Shamba linasimamiwa na mwana wa Colin. Ghala ni lile lile. Tangu Mama Njoki aanze kuugua hakuna aliyekwenda jioni, na sungura wamerudi, wameshakula nusu ya kunde. Njoki alisema anataka kujifunza. Nikabandika sahani ya karatasi, moja ya zile zilizobaki msibani, nikachora duara la kifuniko. Akalala kifudifudi, akaikamata bunduki kwa nguvu zake zote, na taya yake nikaitambua. Tangu mazishi hakuwa amelia. Alikuwa amepanga chakula, amewasindikiza wageni, amejibu simu zote. Akapiga, risasi ikaingia kwenye nyasi.

"Umeikamata," nikamwambia.

"I'm just holding it, Auntie."

"Usiishike. Mama ulikuwa unamwinua vipi?"

Nilichuchumaa kando yake, magoti yangu yakilalamika, nikangoja. Baada ya muda vidole vyake vikaanza kufunguka, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikawa wazi juu ya mfuko wa mchele na bunduki ya mama yake imelala juu yake. Mabega yakashuka. Alilia hivyo, akiwa amelala kifudifudi, bila kuiondoa bunduki mkononi, na mimi nikaweka kiganja changu mgongoni mwake nikakiacha hapo. Alipotulia alifuta macho begani, akalenga, akavuta. Tulikwenda pamoja kutazama. Tundu lilikuwa ndani ya duara, karibu na ukingo. Alilitazama sana. Kisha huyu mtoto ambaye sijawahi kumsikia akijibu kwa Kiswahili maishani mwake akanyoosha mkono kuniomba risasi.

"Tena," akasema.

Nikampa kopo zima.